MCHEZO ULIOUNUNUA, JE, NI WAKO?

Msimu wa ufuta ukiisha na malipo yakishatoka, vijana wengi wa pwani yetu, toka Kilwa Masoko kupita Kiswere hata Lindi mjini, hununua simu za kisasa. Sisi wazazi hudhani simu ni ya kupigia na kupokelea fedha. Kumbe kwa kijana simu ni uwanja wa mpira vilevile. Ndani yake mna kandanda, mbio za magari, mafumbo na vita vya kubuni. Na mwenye fedha zaidi hununua mashine ya kuchezea inayofungwa kwenye televisheni, akafungua kibanda cha gemu, watoto wakalipa kidogo kidogo wapate zamu.

Leo sitaki kuuliza kama michezo hiyo ni mizuri au mibaya. Neno hilo limekwisha kusemwa mara nyingi. Nataka tutazame jambo jingine linalogusa mfuko wa kila nyumba. Tuseme kijana amenunua mchezo kwa fedha yake halali, naye akaa mahali ambapo mawimbi ya simu ni hafifu. Jioni awasha mashine ili acheze peke yake, bila kushindana na mtu wa mbali. Mashine yamwambia: Ngoja kwanza, mchezo wako umepitwa, pakua mpya. Bando hana. Basi hachezi. Je, hapo mwenye mchezo ni nani?

BAO NA MASHINE

Bao letu la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64. Fundi akishalichonga na wewe ukishamlipa, kazi yake kwako imekwisha. Hawezi kuja usiku nyumbani kwako akachimba shimo la 33, wala hawezi kukufungia bao kwa sababu hukwenda kumwona mwezi huu. Ukipenda utalicheza barazani, ukipenda utalirithisha wajukuu.

Michezo ya mashine nayo zamani ilikuwa hivyo. PlayStation 2, ambayo ilianza kuuzwa mwaka 2000, ilisoma mchezo kutoka kwenye CD. Ukitia CD, mchezo unafunguka, uwe na mtandao au usiwe nao. Kama watengenezaji walikosea jambo, kosa lilibaki humo humo kwenye CD, na wachezaji waliishi nalo.

Mambo yakageuka. Mwezi wa Septemba 2003 kampuni ya Valve ya Marekani ilianzisha huduma yake ya michezo kwenye intaneti, iitwayo Steam. Mwaka uliofuata, Novemba 2004, ikatoa mchezo wake mkubwa, Half-Life 2. Hata mtu aliyenunua CD yake dukani kwa mkono wake ilimlazimu kwanza auandikishe kwa Steam kupitia mtandao. Wengi walinung'unika. Lakini desturi hiyo ilienea, na sasa karibu kila kampuni kubwa ya michezo inaifuata kwa namna yake.

Toka hapo mchezo umekuwa kitu ambacho fundi wake hakimtoki mkononi. Kila mara hutuma marekebisho, ambayo vijana huyaita apdeti. Mara nyingine mashine huyachukua yenyewe bila kuuliza mtu. Kwa Steam, mathalani, unaweza kuchagua apdeti ije lini: mara moja, au siku utakapoufungua mchezo. Lakini hapana mahali pa kuandika kwamba hutaki kabisa.

TUSIWAONEE MAFUNDI

Yafaa tuseme kweli yote. Apdeti si hila tupu. Zina sababu tatu nzuri.

Kwanza, hurekebisha makosa. Mchezo mmoja una mamilioni ya mistari ya maandishi ya kompyuta, na hapana binadamu awezaye kuandika mengi hivyo pasipo kukosea.

Pili, huziba matundu ya wezi. Mwezi Mei 2017 kirusi kiitwacho WannaCry kilienea duniani kwa muda mfupi, kikafunga kompyuta katika nchi nyingi na kudai fidia. Hospitali nyingi za serikali ya Uingereza zilivurugika, wagonjwa wakaahirishiwa matibabu. Na dawa ilikuwako: kampuni ya Microsoft ilikuwa imekwisha kutoa marekebisho ya tundu hilo tangu mwezi Machi mwaka ule ule. Walioumia wengi ni wale ambao hawakuyachukua. Simu zetu zina fedha ndani yake, basi neno hili latuhusu sana.

Tatu, watu wakishindana yawapasa wawe na sheria moja. Timu ya Kiswere haiwezi kucheza na timu ya Lindi ikiwa moja yajua kuotea na nyingine haijui. Ndivyo ilivyo kwa mchezo unaochezwa na watu wa mbali kwa mtandao.

Lakini angalieni: sababu hii ya tatu haimgusi mtu anayecheza peke yake. Yeye hashindani na mtu. Sheria za jana zamtosha. Kwa nini afungiwe mlango mpaka achukue za leo? Hapo ndipo malalamiko ya haki yanapoanzia.

UZITO WA MZIGO

Wanaoandika michezo wengi wako katika miji ambamo mtandao ni kama maji ya bomba, unafungua yanatoka. Kwao gigabaiti 50 si kitu. Kwetu tupige hesabu.

Gigabaiti 1 ni karibu megabaiti 1,000, na kila megabaiti ni megabiti 8. Kwa hiyo gigabaiti 1 ni megabiti 8,000. Mahali ambapo mtandao waleta megabiti 2 kwa sekunde, mzigo huo huchukua sekunde 4,000, yaani saa moja na dakika saba hivi. Michezo mikubwa ya mashine za televisheni hufika gigabaiti 50, na mingine hupita 100. Ile ya 50 ingechukua zaidi ya saa 55, mchana na usiku, bila mawimbi kukatika hata mara moja na bila umeme kuzimika.

Michezo ya simu ni midogo kuliko hiyo, lakini huchukua mara nyingi. Baba hununua bando la wiki ili apate bei za korosho na habari za watoto walio mjini. Siku ya pili limekwisha. Agomba na watoto, nao waapa kwamba hawakutazama video hata moja. Pengine wasema kweli. Yawezekana simu yenyewe ilileta apdeti za michezo mitano wakati watu wamelala. Wahenga walisema, mali bila daftari huisha bila habari. Bando nalo ni mali.

MTANDAO HUKATIKA

Labda mtu atasema: Ngojeni, mtandao utaenea, shida hii itakwisha. Ni kweli kwamba unaenea. Lakini hata ukienea hukatika, tena kwa sababu ambazo mnunuzi hana mkono ndani yake.

Tarehe 4 Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipiga pwani yetu. Mvua na mafuriko vilikata barabara ya Dar es Salaam na Lindi, na huko Somanga abiria na malori walikwama. Kabla watu hawajapumua, tarehe 12 Mei, nyaya mbili za mawasiliano zipitazo chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika upande wa Afrika Kusini. Tanzania, Kenya, Uganda, Msumbiji na nchi nyingine zikaona intaneti imezorota au imepotea kabisa. Tena toka siku ya uchaguzi mkuu, 29 Oktoba 2025, intaneti ilizimwa nchini kwa siku kadhaa. Katika siku kama hizo mchezo usioomba ruhusa hufunguka. Unaoomba ruhusa hukaa kimya, hata kama ulilipiwa kamili.

Wala si sisi tu. Machi 2013 kampuni ya EA ya Marekani ilitoa mchezo wa kujenga miji, SimCity, ambao haukuchezeka pasipo mtandao hata kwa mtu aliye peke yake. Mitambo ya kampuni ikalemewa, na wanunuzi wakakaa siku nyingi wakitazama mlango uliofungwa. Mwaka mmoja baadaye, Machi 2014, kampuni ikaufungua uchezwe bila mtandao. Na tarehe 7 Februari 2025 mtandao wa PlayStation ulizimika dunia nzima kwa muda wa siku nzima hivi. Matajiri na maskini walingoja pamoja.

MLANGO WA NJE YA MTANDAO, NA KUFULI LAKE

Kampuni nyingi zina njia ya kucheza nje ya mtandao. Ni njema, ila ina masharti yafaayo kujulikana mapema.

Kwa Steam, sharti uingie kwanza ukiwa na mtandao, uhakikishe mchezo umekamilika na apdeti zake zimekwisha, uufungue mara moja, ndipo uchague kukaa nje ya mtandao. Anayengoja mpaka mtandao ukatike ndipo aitafute njia hii huenda akaikuta imefungwa. Kwa PlayStation 4 yapasa mashine iandikwe kuwa ndiyo mashine yako ya msingi. Kwa PlayStation 5 kuna mahali pa kuruhusu kucheza nje ya mtandao. Hayo nayo hufanywa wakati mtandao upo.

Na kuna michezo ambayo hata njia hiyo haina. Ubisoft, kampuni ya Ufaransa, ilitoa mwaka 2014 mchezo wa magari uitwao The Crew. Mtu aliweza kuendesha peke yake, lakini mchezo ulitaka mtandao wakati wote. Tarehe 31 Machi 2024 kampuni ilizima mitambo yake. Siku ile mchezo ule uliacha kufunguka, hata kwa aliye na CD mkononi. Watu wakaudhika, wakaanza kukusanya sahihi huko Ulaya kuomba sheria ya kuzuia jambo hilo. Mpaka mwisho wa Julai 2025 sahihi zilikuwa zimepita milioni moja.

Jimbo la California huko Marekani nalo limetunga sheria, iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 2025. Muuzaji wa michezo, vitabu au filamu za mtandaoni hawezi tena kumwambia mtu nunua, na huku ampa ruhusa ya kutumia tu, mpaka amweleze wazi kwamba ni ruhusa. Mnunuzi akiweza kukichukua kitu na kukitumia daima bila mtandao, hapo sheria haimbani muuzaji. Ona jinsi walivyopima umiliki: chako ni kile usichohitaji kuomba tena.

Msifikiri kelele za wanunuzi ni bure. Mwaka 2013 Microsoft ilitangaza kwamba mashine yake mpya, Xbox One, itapasa iunganishwe na mtandao angalau mara moja kila saa 24, la sivyo michezo haitachezeka. Watu walipinga kwa nguvu. Tarehe 19 Juni mwaka huo huo kampuni ikaliondoa sharti hilo kabla hata mashine haijafika madukani.

TUFANYE NINI NYUMBANI?

Kwanza, kaeni na kijana mfungue duka la programu la simu, Play Store. Katika mipangilio yake mna mahali pa apdeti za moja kwa moja. Chagueni zije kwa Wi-Fi tu, au zisije zenyewe kabisa. Halafu wekeni siku moja ya kuzichukua kwa mkono, pengine mtu anapokwenda Lindi au Kilwa Masoko penye mtandao mzuri.

Pili, msiache apdeti zote. Programu za fedha na mfumo wa simu wenyewe zipeni nafasi ya kwanza, kwa sababu ya wezi niliowataja. Michezo ingoje.

Tatu, kabla ya kulipa shilingi moja ulizeni: Mchezo huu wafunguka simu ikiwa imezimwa data? Mwenye nao ajaribu mbele yenu. Ni jaribio la dakika moja, nalo lasema kweli kuliko tangazo.

Nne, mtoto asipate apdeti kwa kupokea faili la mchezo kutoka kwa mtu asiyejulikana ili kuokoa bando. Mafaili kama hayo huweza kuficha programu za wizi, na simu yenye fedha ya nyumba nzima si mahali pa kubahatisha.

Tano, mwenye kibanda asiitupe mashine yake ya zamani ya CD kwa sababu amepata mpya. Usiache mbachao kwa msala upitao. Siku mtandao utakapokatika, ile ya zamani ndiyo itakayoleta unga nyumbani.

Na kwa wanaotengeneza na kuuza michezo, ambao sasa wamo hata vijana wa Tanzania, ombi ni dogo. Anayecheza na wenzake kwa mtandao mlazimisheni apdeti, ni haki. Anayecheza peke yake mwambieni kwamba mpya ipo, kisha mwacheni achague. Na siku mtakapofunga duka, mwachieni mnunuzi ufunguo. Amekwisha kulipa.