Kila Mwili na Kipimo Chake: Upangaji wa Tiba ya Yoga kwa Mtu Mmoja Mmoja

Wahenga walinena kuwa ukiona vyaelea, vimeundwa. Kikao cha tiba ya yoga huonekana chepesi machoni pa mtazamaji: mtu amelala chali mkekani, anainua mikono, anashusha pumzi. Hata hivyo, nyuma ya wepesi huo mna kazi ya kupima, kuchagua na kupanga. Makala haya yanakusudia kueleza kazi hiyo na hatari ya kuipuuza.

Yoga ina chimbuko lake Bara Hindi, na istilahi zake nyingi ni za Kisanskriti. Asana ni mkao wa mwili. Pranayama ni uratibu wa pumzi. Katika miaka ya 1930, mwalimu Tirumalai Krishnamacharya (1888–1989) aliwafunza vijana wa Mysore mazoezi ya nguvu. Baadaye, mjini Madras (Chennai ya leo), aliwahudumia watu mmoja mmoja, wakiwamo wagonjwa, kwa mazoezi tofauti kabisa. Mwanawe, T.K.V. Desikachar, aliyesomea uhandisi, aliuendeleza mkabala huo na mwaka 1976 akaasisi Krishnamacharya Yoga Mandiram. Msingi wake ni kwamba mazoezi ndiyo yanayolinganishwa na mtu, wala si mtu kulazimishwa kulingana na mazoezi.

Hatua ya kwanza ni mahojiano. Mtaalamu huuliza umri, kazi, maradhi, dawa, usingizi na muda ambao mteja anaweza kutenga nyumbani. Kisha humtazama anavyosimama, anavyoinama na anavyopumua. Hapa ndipo lugha inapokuwa chombo cha tiba. Msemaji wa Kiswahili hutofautisha maumivu yanayochoma, yanayovuta na yanayowanga. Aidha husema mguu umekufa ganzi. Maneno haya si visawe. Maumivu ya mgongo yanayoandamana na ganzi ya miguu, au kushindwa kuzuia mkojo, ni dalili za kumpeleka mteja hospitalini kwanza, si mkekani.

Hatua ya pili ni kubainisha lengo moja au mawili, pamoja na makatazo. Mwenye shinikizo la juu la damu lisilodhibitiwa, au glakoma, hapewi mikao ya kichwa chini miguu juu. Mwenye mifupa iliyodhoofika huepushwa na kuinama mbele kwa nguvu huku mgongo umepinda. Mkao uleule unaomstarehesha kijana waweza kumvunja mzee uti wa mgongo.

Hatua ya tatu ni kuratibu mazoezi. Mathalani, karani mwenye umri wa miaka 50, anayeumwa kiuno kwa muda mrefu na ambaye daktari amemruhusu kufanya mazoezi, aweza kupangiwa dakika 20. Ataanza kwa kulala chali, magoti yamekunjwa, akisikiliza pumzi. Atafuatisha kwa kupiga magoti na viganja chini, akiukunja na kuunyoosha mgongo polepole mara sita, kila mwendo ukiandamana na pumzi. Kisha atainua nyonga akiwa chali, avute magoti kifuani ili kuutuliza mgongo, na hatimaye apumzike. Kila mkao mzito hutanguliwa na maandalizi na hufuatwa na mkao wa kuusawazisha.

Hatua ya mwisho ni tathmini. Baada ya wiki moja au mbili, mteja hueleza kilichomfaa na kilichomdhuru, na mpango hurekebishwa.

Ikumbukwe kwamba yoga haichukui nafasi ya daktari. Mwaka 2017, Chuo cha Madaktari cha Marekani kiliitaja miongoni mwa njia zisizo za dawa za kukabili maumivu sugu ya kiuno. Lakini manufaa hayo hayapatikani kwa kunakili mazoezi ya jirani. Fundi cherehani hampimi mmoja akamshonea mwingine. Sembuse anayeshughulikia mwili wenyewe? Basi mpango mwema huanza kwa sikio linalosikiliza, na neno la mteja ndilo kipimo cha kwanza.