Fahamu: Filamu sita za mwanzo za Marvel, ipi bado inatazamika?

Robert Downey Jr., aliyemwigiza Tony Stark katika Iron Man, anarudi Marvel, safari hii akiwa adui, Doctor Doom, katika Avengers: Doomsday inayotarajiwa Desemba 2026. Ndiyo maana mashabiki wanazirudia filamu sita za mwanzo, za 2008 hadi 2012, na kuzipa alama upya.

Iron Man (2008) haijachuja. Utamu wake uko pangoni Afghanistan: Tony Stark anafua chuma kwa nyundo, huku sumaku kifuani ikizuia vipande vya bomu visiufikie moyo wake. Tisa kwa kumi.

The Incredible Hulk, ya mwaka huohuo, ilimtumia Edward Norton, ambaye nafasi yake ilichukuliwa baadaye na Mark Ruffalo. Tano. Iron Man 2 (2010) inatangaza filamu zijazo kuliko inavyosimulia hadithi yake. Tano pia, tena kwa huruma. Thor (2011) inapata sita, hasa kwa pale mungu wa radi anapopasua kikombe sakafuni mgahawani akitaka kahawa nyingine.

Iliyoonewa ni Captain America: The First Avenger (2011). Kabla ya kudungwa dawa ya nguvu, Steve Rogers, kijana mwembamba wa Brooklyn, analilalia bomu la mkono awakinge wenzake, bila kujua ni la bandia. Wenye misuli wametimua mbio. Nane.

The Avengers (2012) inajikokota mwanzoni, lakini vita vya New York vinalipa. Nane na nusu.

Ukiwa na usiku mmoja tu, tazama Iron Man, Captain America na The Avengers. Hulk atasubiri.