Bia Nyeusi, Chupa ya Kijani na Uongo Mwingine wa Kamakis

Jumamosi saa kumi jioni pale Kamakis, Ruiru, moshi wa choma unavuka Eastern Bypass kama ng'ombe wasio na mchungaji, na kila meza ina profesa wake wa bia. Hajasomea popote, lakini anajua ipi inajaza damu, ipi inaumiza kichwa na ipi ni ya watu waliofika. Umeshamsikia, bila shaka. Kuna Jumamosi ambazo profesa huyo alikuwa mimi.

Siku hizi meza hizo zina mengi zaidi ya kubishania. Zamani swali lilikuwa Tusker au White Cap, na baridi au moto. Leo supamaketi kubwa za Ruiru na Thika zina rafu nzima ya bia za Ubelgiji, Ujerumani na Uholanzi, na Nairobi ina wapishi wadogo wa bia, zile vijana wanaziita krafti: 254 Brewing, Bateleur, na wengine waliojiita Bila Shaka, jina zuri kwa bia lakini baya kwa makala kama hii. Basi tushuku.

"Bia nyeusi ndiyo kali, tena inaongeza damu."

Uongo, na tena uongo. Weusi wa stauti unatokana na shayiri iliyokaangwa hadi ikakaribia kuungua, na shayiri hiyo ni kiasi kidogo tu cha nafaka yote iliyomo. Ukali ni habari nyingine: unategemea sukari iliyokuwepo na chachu ilikula kiasi gani. Guinness ya pipa inayonywewa Dublin ina kilevi cha asilimia 4.2. Tusker yako ya rangi ya dhahabu? Asilimia 4.2 vilevile. Kisha chukua Duvel ya Ubelgiji, nyepesi kwa rangi kama chai ya rangi iliyotiwa maji: asilimia 8.5. Guinness ya chupa tunayouziwa hapa ni kali kuliko ile ya pipa, ni kweli, lakini ukali huo waliutia wapishi kwa makusudi. Usome kwenye lebo, usiutafute kwenye rangi.

Habari ya damu ilienezwa na matangazo. Tangu 1929 Guinness iliwaambia Waingereza kwamba ni nzuri kwa afya zao, na Ireland waliotoka kutoa damu walikuwa wakipewa glasi. Ukipima, glasi nzima ya stauti haifikishi miligramu 1 ya madini ya chuma, ilhali mwanamke mzima anahitaji miligramu 18 kwa siku. Hapa nyanya zetu wa Kiambu na Murang'a walitushinda wote: mama aliyejifungua walimpikia njahi. Njahi zina chuma, zina protini, na hazimleweshi mtu.

"Bia baridi inaleta homa ya kifua. Bia moto inalewesha haraka."

Uongo. Mafua na homa huletwa na virusi, na virusi havikai kwenye friji ya baa vikikungoja. Kilevi nacho hakiongezeki kwa sababu chupa ilishinda kwenye kreti.

Hata hivyo wale wazee wanaoagiza "moto" bila aibu, huku vijana wakiwacheka, wana haki yao moja. Baridi kali huufanya ulimi kufa ganzi na huifungia harufu ndani ya glasi. Lager nyepesi haidhuriki sana, haina mengi ya kuficha. Lakini stauti, au bia ya kahawia yenye kimea kizito, ukiinywa ikiwa imetoka kugandamana na barafu umelipia ladha ambayo hutaiona. Itoe kwenye friji, iache robo saa hivi, ifike nyuzi 10 au 12. Ndipo utaanza kusikia kahawa, chokoleti, ukoko wa mkate.

"Povu ni wizi."

Uongo, isipokuwa pale ni wizi kweli. Weita anapoinamisha glasi na kuimimina bia polepole kama anayemwagilia mche wa nyanya, tunamsifu kwa ustadi. Kumbe amekunyima nusu ya starehe. Povu ndilo linalopandisha harufu hadi puani, na gesi inayotokea kwenye glasi haitakuja kukusumbua tumboni. Vidole viwili vya povu vinatosha. Kwenye chupa hakuna wa kukuibia, kwa kuwa yote ni yako. Kwenye mtungi wa kupimiwa, povu likiwa nusu mtungi, hapo lalamika.

"Bia ya ng'ambo ni bora, hasa ya chupa ya kijani."

Uongo, na hapa nitakaa kidogo.

Bia ni chakula. Ni ndugu wa mkate kuliko ndugu wa mvinyo, na bia nyingi huzeeka vibaya. Ile lager iliyotoka Ulaya imekaa baharini wiki kadhaa ndani ya kontena, ikateremshwa Mombasa kwenye joto unalolijua, ikapandishwa kwa lori, kisha ikasimama dukani ikimngoja mwenye hela. Joto na muda huivunja. Dalili yake ni ladha ya boksi lililolowa maji. Ukiwahi kunywa bia ya bei ghali ukahisi kama umelamba katoni, hukukosa ustaarabu. Ulimi wako ulikuwa unasema kweli. Zinazoathirika zaidi ni zile zenye hopsi nyingi, yale maua yanayoitia bia uchungu, maana harufu ya hopsi ndiyo ya kwanza kuondoka. Hizo zinapendeza zikinywewa ndani ya miezi michache. Zinazovumilia ni bia nzito na kali, kama baadhi ya zile za watawa wa Ubelgiji. Kabla ya kutazama bei, geuza chupa utafute tarehe.

Na chupa ya kijani? Mwanga ukiipiga bia, uchungu wa hopsi huvunjika na kuzaa kemikali yenye salfa, inayonuka kama kile ambacho Wamarekani hufananisha na mnyama wao skanki. Sisi tuna kicheche, na anayetoka mashambani anajua kicheche akikasirika hali inakuwaje. Pua ya binadamu huikamata harufu hiyo hata ikiwa chembe tu. Chupa ya kahawia huzuia sehemu kubwa ya mwanga huo, ya kijani huzuia kidogo, na ile isiyo na rangi ni dirisha. Kwa hiyo ile chupa ya kijani inayometameta chini ya taa za rafu ndiyo yenye kinga hafifu. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza.

Usiniamini kwa maneno tu. Waonjaji wa viwandani wana jaribio liitwalo pembetatu, na linafanyika hata nyumbani. Glasi tatu zinazofanana: mbili zina bia moja, ya tatu ina nyingine. Baridi iwe sawa. Mwonjaji asione zikimiminwa. Kazi yake ni kusema ipi ni ya peke yake. Nilimfanyia rafiki yangu ambaye kwa miaka mingi hajagusa lager ya Kenya kwa sababu, kwa maneno yake, "inakwaruza." Niliandika namba kwa chaki chini ya glasi, nikampa raundi 6, lager ya hapa dhidi ya ile yake ya ng'ambo. Alinusa, akafumba macho, akasukutua mdomo kwa maji kati ya raundi kama askofu. Alipatia 2. Mtu anayebahatisha tu hutarajiwa kupatia 2. Alisema glasi zilikuwa na harufu ya sabuni.

"Tusker imeitwa hivyo kwa ajili ya ndovu aliyemuua mwenyewe."

Kweli kabisa, na ndiyo hadithi ambayo wengi hudhani imetungwa. Kampuni inayoipika ilianzishwa na ndugu wawili, George na Charles Hurst, mwaka 1922. Mwaka uliofuata George aliuawa na ndovu akiwa mawindoni, na bia ikapewa jina la ndovu mwenye pembe.

"Nyama choma ni lager tu."

Nusu kweli. Waliosema hivyo hawakukosea sababu: mbuzi ana mafuta, na gesi pamoja na uchungu wa lager husafisha mdomo kabla ya tonge lingine. Ila choma si mafuta peke yake. Utazame ule ubavu ukiletwa kwenye ubao, kisu kikilia juu ya gamba jeusi la pembeni. Gamba lile limepatikana kwa maarifa yaleyale ya moto yanayokaanga kimea na kahawa. Bia ya rangi ya kaharabu, yenye utamu wa karameli, hukutana na gamba hilo kama ndugu waliopotezana. Mutura, pamoja na damu, matumbo na viungo vyake, unataka stauti. Jaribu mara moja, kisha unitukane ukipenda. Na kwa kuwa tuko Ruiru, mji uliotupatia ile mibuni ya Ruiru 11 mwaka 1985, hapa hakuna asiyeijua harufu ya kitu kilichokaangwa vizuri.

Kachumbari yenye pilipili ndiyo inayoharibu mambo, hasa ikikutana na bia chungu. Profesa atakwambia piga funda uzime moto. Uongo. Kiini cha pilipili hakiyeyuki kwenye maji, na bia ni maji zaidi ya asilimia 90. Kile kilevi kidogo kilichomo nacho huamsha nevu zilezile ambazo pilipili imekwisha kuzikasirisha. Kinachozima ni maziwa lala. Kama lazima iwe bia, chagua yenye utamu na uchungu mdogo.

"Kumwagia nyama bia ni kupoteza bia."

Uongo, na hili lilinishangaza. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Porto, Ureno, waliloweka nyama ya nguruwe kwenye bia kwa saa nne kabla ya kuichoma kwa makaa. Ile iliyolowa kwenye bia nyeusi ilikutwa na takriban nusu tu ya kemikali za moshi zinazohofiwa kuleta saratani, ikilinganishwa na nyama isiyolowekwa. Kulainisha nyama ni jambo jingine. Bia hufanya kidogo sana. Kwa hilo nenda kwa wauzaji wa Thika ukanunue nanasi bichi, ambalo kimeng'enya chake hutafuna protini. La mkebe halisaidii, kwani moto wa kiwandani umekwisha kukiua kimeng'enya. Ukiloweka nanasi usiku kucha utaamka na uji wa mbuzi. Nusu saa inatosha.

"Krafti ni mambo ya wazungu."

Uongo. Mwulize mzee yeyote wa Gatundu kuhusu muratina. Kwa maana kamili ya neno si bia, maana ni ya asali au maji ya miwa na haina nafaka. Lakini kama krafti ni kupika kidogo kidogo kwa mkono na kwa jina la mpishi, hakuna krafti inayoishinda. Tunda la mwegea, ambao Wakikuyu huuita mũratina, hupasuliwa, huchemshwa, hukaushwa, kisha huwekwa kwenye asali na maji kando ya moto. Nyuzi zake ndizo zinazobeba chachu. Pombe ikiiva, tunda hutolewa, huanikwa juani na kuwekwa hadi siku nyingine.

Louis Pasteur alichapisha kitabu chake kuhusu bia mwaka 1876 na dunia ikaelewa kazi ya chachu. Wazee hawakuwa na darubini, ila walijua kwamba tunda lililozoea kazi ndilo linalotunzwa. Wakulima wa Norwei walikausha chachu yao kwenye pete za mbao kwa namna hiyohiyo, na leo wapishi wa krafti duniani wanaililia kwa sababu inafanya kazi kwenye joto kali. Ile yetu iko mlangoni.

"Kula kwanza."

Kweli. Mama alisema, na mama alipatia. Kilevi kingi huingia damuni kupitia utumbo mwembamba, na chakula hukizuia tumboni kikaingia taratibu. Githeri ni rafiki wa mwonjaji kuliko kitabu chochote.

"Ukitanguliza bia ukamalizia na mvinyo, kichwa hakiumi." Uongo. Ujerumani walijaribu kwa watu 90, matokeo yakatoka 2019: mpangilio haukubadilisha kitu, wingi ndio unaoumiza. Na kutoa loki, yaani kutuliza kichwa cha jana, kwa bia ya asubuhi? Uongo pia, ni kuahirisha deni. Supu inakurudishia maji na chumvi, lakini ini lina mwendo wake na halisikii pilipili.

"Tafuna kitunguu, au peremende, au buni, alkobloo haitakushika."

Uongo. Mashine hiyo ya askari haipimi harufu ya mdomo. Inapima kilevi kinachotoka kwenye damu na kupita mapafuni, na hicho hakijui umetafuna nini. Nimemwona jamaa kwenye Barabara Kuu ya Thika akipuliza huku shavu limefura vitunguu. Askari alirudi nyuma hatua mbili, akafuta machozi, akasoma namba, akamwonyesha upande wa gari lao.