Panya, Usingizi na Mguu Usiohisi

Waswahili husema panya huuma huku akipuliza, na ingawa usemi huo hutumika zaidi kwa mtu anayedhuru wenzake huku akijifanya mwema, chimbuko lake ni imani kwamba mnyama huyo hupoza ngozi ya aliyelala kwa pumzi yake ili meno yasisikike. Imani hiyo huwa na madhara pale aliyeng'atwa anapokuwa mgonjwa wa kisukari, kwa kuwa inampa yeye na jamaa zake jibu jepesi kwa swali ambalo lingepaswa kuwashtua: imekuwaje mtu atafunwe kidole cha mguu usiku, shuka ilowe damu, naye asigutuke hadi alfajiri?

Swali hilo lilichukuliwa kwa uzito na Dk. Zulfiqarali Abbas na wenzake, ambao mwaka 2005 walichapisha taarifa ya kitabibu kuhusu wagonjwa wa kisukari nchini Tanzania waliojeruhiwa miguu na panya. Sababu haikuwa pumzi. Sukari inayokaa juu katika damu kwa miaka mingi huharibu mishipa ya fahamu, yaani nyuzi zinazopeleka habari za maumivu, joto na mguso kwenye ubongo, na ile mirefu zaidi, inayofika nyayoni, ndiyo hutangulia kuharibika, miguu ikapata ganzi. Miongo kadhaa kabla ya hapo, daktari Paul Brand alikuta jambo lilo hilo kwa wagonjwa wa ukoma huko Vellore, India: vidole vilivyodhaniwa kuoza vyenyewe vilikuwa vikiliwa na panya usiku, naye akawapatia wagonjwa paka.

Ganzi hiyo hupimwa kwa kifaa kinyonge mno kwa macho, nacho ni uzi mfupi wa nailoni uliopachikwa kwenye kishikio, uliotengenezwa ili upinde kwa nguvu iliyo sawa na uzito wa gramu 10. Muuguzi kwanza humgusisha mgonjwa uzi huo mkononi ili aujue mguso wenyewe, kisha humwomba afumbe macho, huku yeye akiubonyeza chini ya kidole gumba cha mguu na sehemu za wayo zinazobeba uzito, akikwepa sugu, kwa kuwa ngozi nene humdanganya mpimaji. Mgonjwa hutakiwa kusema kila anapohisi kitu. Asiyehisi huendelea kungoja kuguswa, hali uzi umekwisha kupinda na kuondolewa.

Mradi wa Step by Step, wa huduma ya miguu ya wenye kisukari, ulioanza mwanzoni mwa miaka ya 2000 nchini Tanzania na Asia ya Kusini, ulifanya jambo la busara la kuwafundisha pamoja daktari na muuguzi wa kituo kimoja, maana ni muuguzi ambaye mgonjwa humsikia mara kwa mara. Muuguzi huyo husisitiza mambo ambayo mgonjwa huyaona madogo: akague nyayo kila siku, akaushe maji katikati ya vidole, akung'ute viatu kabla ya kuvivaa, asitembee pekupeku hata ndani, asikate sugu kwa wembe, na maji ya kuoga ayapime kwa kiwiko, kamwe si kwa mguu. Usiku anawe ili kuondoa mabaki ya chakula, ajifunike miguu na kuchomeka chandarua chini ya godoro. La kusisitizwa kuliko yote ni kwamba kidonda kisichouma ndicho cha kukimbizwa hospitali siku hiyo hiyo, kwani mtu asiyeumwa huendelea kukikanyaga mpaka usaha ufike mfupani, na hapo mazungumzo huwa ya kukata mguu.

Hata hivyo, mgonjwa aliyepunguziwa na kisukari hichohicho uwezo wa kuona, naye anaishi peke yake, atazikagua nyayo zake kwa macho ya nani? Na nani atakayeziba matundu ya chumba cha kupanga ambacho mwenye nyumba hafiki ila siku ya kudai kodi?