Kwa nini mfumo ulidai lita za maziwa za fahali?

Msikilizaji wetu mmoja, mfugaji, alituma ujumbe uliotuchekesha studio, kisha ukatufikirisha. Alikwenda kusajili mifugo yake kwenye ushirika wao. Kompyuta ikakataa kuhifadhi taarifa za fahali wake mpaka ijazwe idadi ya lita za maziwa kwa siku. Karani akaandika sifuri, kazi ikaendelea. Anauliza: hivi kompyuta haijui kwamba fahali hakamuliwi?

Haijui, mpaka aliyetengeneza mfumo aiambie. Na sifuri ile si ya kuchekea. Tuseme una ng'ombe wawili wa maziwa, mmoja anatoa lita 8, mwingine lita 10. Wastani wako ni lita 9. Mfumo ukimhesabu na fahali mwenye sifuri, lita 18 zinagawanywa kwa 3, wastani unashuka hadi 6. Ukiomba mkopo, anayesoma rekodi anaona mfugaji dhaifu.

Kosa linaanzia wapi? Taarifa za namna hii mara nyingi hutunzwa kwenye kanzidata ya majedwali, yenye mistari na safu kama daftari la mahudhurio shuleni. Utaratibu huo ulielezwa mwaka 1970 na Edgar Codd, Mwingereza aliyekuwa akifanya kazi IBM, Marekani.

Lakini waandishi wengi wa programu hupanga mambo kama ukoo. Mfugo ni mzazi. Ng'ombe wa maziwa, fahali na kuku ni watoto. Kila mtoto hurithi vya mzazi, yaani namba, jina la mwenye mali na kijiji, kisha huongeza vyake. Wazo la urithi huo lilitoka Norway, kwenye lugha ya kompyuta ya Simula 67, kazi ya Ole-Johan Dahl na Kristen Nygaard.

Jedwali la kawaida halijui mzazi wala mtoto. Kwa hiyo fundi huchagua njia moja kati ya tatu.

Ya kwanza ni jedwali moja kwa wote, lenye safu inayotaja aina ya mfugo. Ni rahisi na kuhesabu ni haraka. Ila visanduku vingi hubaki wazi: fahali hana lita, ng'ombe hana mayai. Fundi akilazimisha kila kisanduku kijazwe, ndipo yanapotokea haya ya msikilizaji wetu.

Ya pili ni kila aina na jedwali lake. Fahali haulizwi maziwa. Lakini ukitaka jumla ya mifugo ya kijiji, lazima uunganishe majedwali yote. Ukiongeza safu ya chanjo, unaiongeza kila mahali. Usipokuwa mwangalifu, ng'ombe na kuku wanaweza kupewa namba moja.

Ya tatu ni jedwali la mzazi lenye taarifa za pamoja, na majedwali madogo ya watoto. Namba ya mfugo ndiyo kamba inayoyafunga. Kijiji kinaandikwa mara moja tu, na maziwa yanakaa kwa wanaokamuliwa. Gharama yake ni kwamba kila ukitaka taarifa kamili, kompyuta inaunganisha majedwali kwanza.

Hakuna njia iliyo bora kila mahali. Ushirika wenye aina mbili za mifugo unaweza kutosheka na ya kwanza, mradi fundi aruhusu kisanduku kiwe wazi. Wazi maana yake "haihusiki". Sifuri maana yake "tulipima, hakuna kitu". Kompyuta ikitafuta wastani huruka kilicho wazi, lakini sifuri huihesabu.

Basi siku ushirika wenu ukiletewa mfumo mpya, kabla ya kulipa, mwambieni fundi asajili fahali mmoja na jogoo mmoja mbele yenu. Akilazimika kuandika sifuri, arudi akatengeneze. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Na daftari lenye sifuri za uongo nalo hupoteza mali.