Saa ya Kasindi, kibodi ya Butembo

Kompyuta yangu ni ya mitumba. Niliinunua Mpondwe, mpakani mwa Uganda na Kongo, siku ya soko kwa kijana aliyeapa kwamba imetoka Ubelgiji kupitia Butembo, na kwa bei aliyoitaja sikutaka kumuuliza mengi. Usiku huo, nyumbani Bwera, barua pepe ilikataa neno langu la siri mara tatu. Nikaandika jina langu mahali ambapo herufi zinaonekana, ndipo nikagundua kwamba nikibonyeza A inatoka Q.

Kibodi ilikuwa ya Kifaransa. Jirani zetu Wakongo wa ng'ambo ya mto Lhubiriha wameizoea: A imekaa mahali pa Q, Z mahali pa W, M imesogea kuliani mwa L, na tarakimu hazitoki mpaka ushikilie Shift. Mtu alikuwa ameshaigeuza Windows iwe ya Kiingereza, lakini vibonye vimebaki na maandishi yao ya zamani. Nilikuwa kama mgeni aliyeingia jikoni kwa watu: chumvi ipo, ila kopo lake limeandikwa sukari. Dawa ilikuwa karatasi moja ya stika za herufi, na jioni moja ya kuzibandika kwa kibanio cha nyusi. Nasema hivi kwa sababu wengi huzikimbia mashine hizi, au huzinunua kisha kuzitupa kabatini. Ukishajua stika, kibodi ya Kifaransa inakuwa sababu ya kupunguziwa bei.

Miezi michache baadaye likaja jambo la ajabu zaidi. Kila tovuti niliyofungua ilidai si salama. Nikadhani bando limekwisha, nikanunua jingine, na jingine tena. Nikaulaumu mnara, nikapanda na kompyuta hadi juu ya kilima. Nikavishuku virusi. Mwishowe nikaibeba kwa fundi mmoja wa mpakani ambaye Kiswahili chake ni cha Beni, huko Kongo. Hakuigusa hata kidogo. Alitazama pembe ya chini ya skrini, akacheka.

"Mzee, mashini yako iko mwaka wa 2012. Pile imekufa."

Pile ni betri, kwa Kifaransa ambacho watu wa Beni wamekichanganya na Kiswahili chao. Kompyuta nyingi zina betri bapa kama sarafu, imeandikwa CR2032, ya volti 3. Kazi yake ni kuitunza saa wakati mashine imezimwa. Ikifa, kila unapowasha tarehe inarudi nyuma miaka mingi. Tovuti nazo siku hizi hujitambulisha kwa cheti cha usalama chenye tarehe ya kuanza na ya kwisha. Kompyuta inayoamini tuko 2012 ikionyeshwa cheti cha mwaka huu, inakiona kama kitambulisho cha mtu ambaye hajazaliwa, na mlango haufunguliwi. Nilikuwa nimemaliza mabando matatu kwa ajili ya betri ambayo bei yake haizidi rolex mbili, zile za chapati na mayai, si za mkononi.

Ni fundi huyohuyo aliyenishauri juu ya Windows. Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inadai chipu ya usalama iitwayo TPM 2.0 pamoja na prosesa za miaka ya karibuni. Mashine za mitumba kama yangu hazifikii hapo. Wapo wanaoiingiza kwa nguvu, kwa nakala ambayo hakuna ajuaye imepitia mikono ya nani. Mimi nilihamia Linux Mint. Ni ya bure kihalali, faili lake ni karibu GB 3, na uzuri wake ni kwamba unaiweka kwenye flashi, unaiwasha kutoka humo na kuionja kabla hujafuta chochote. Siku mbili za kwanza nilinung'unika. Ya tatu nilisahau.

Kama una pesa ya kununua kitu kimoja tu, basi nunua diski ya SSD. Diski za zamani zina sahani inayozunguka na kichwa kinachosoma kikielea juu yake kwa umbali mdogo kuliko unene wa unywele. Mpe mtu wa boda abebe kitu kama hicho kwenye njia za vilimani. SSD haina kinachozunguka, na mashine iliyokuwa ikichukua muda wa kuchemsha chai kuwaka, inawaka kabla hujatafuta kikombe.

Kwa kuandika barua na kupiga hesabu ninayo LibreOffice, ya bure pia. Wasemaji wa Kiswahili wana historia nayo. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa Jambo OpenOffice, programu iliyozungumza Kiswahili kuanzia menyu hadi maonyo, na LibreOffice ilichipuka kutoka OpenOffice hiyohiyo mwaka 2010. Washa kamusi yake ya tahajia ya Kiswahili, na ile mistari myekundu inayoichafua barua yako kana kwamba umeandika upuuzi itapungua.

Sasa flashi. Peleka flashi yako kwenye duka la fotokopi, iwe Kasese mjini au hapa Bwera, na mara nyingi itarudi na ugonjwa: mafolda yote yamegeuka njia za mkato za KB 1 au 2, kila moja ina kimshale, na kazi zako hazionekani. Nimemwona mwalimu akilia kwa mitihani ya muhula mzima. Tulia, na usikubali mtu "aiformati". Mafaili kwa kawaida bado yamo, yamefichwa tu. Kwenye Windows fungua dirisha la amri, na kama flashi yako ni E, andika

attrib -h -r -s /s /d E:\*.*

kisha bonyeza Enter na usubiri. Mafolda yatajitokeza moja moja. Nakili yaliyo yako mahali pengine, futa vile vimshale bila kuvibonyeza, ndipo usafishe flashi kwa programu ya kupambana na virusi. Ile Defender iliyokuja na Windows inatosha, mradi imesasishwa.

Kusasisha kunakula bando, na bando la Uganda lina ushuru wa asilimia 12 tangu Julai 2021, uliochukua nafasi ya ile shilingi 200 kwa siku ya mitandao ya kijamii. Ukiunganisha Windows na simu, iambie kwamba muunganisho huo unapimwa, la sivyo itashusha masasisho usiku ukiwa umelala. Watoto wangu nimewawekea Kiwix, inayosoma Wikipedia bila intaneti. Ile ya Kiingereza yenye picha inazidi GB 100, sahau. Ya Kiswahili inaingia kwenye flashi ya kawaida. Na Kiwix ina kitu watu hawakijui: kompyuta moja inaweza kuwagawia wenye simu walio kwenye hotspoti hiyohiyo, wakasoma wote bila kugusa bando.

Radi za Rwenzori zikianza, chomoa waya. Stabilaiza haishindani na radi. Kompyuta ya mezani itafutie UPS. Mpakato ina betri yake tumboni. Betri za namna hiyo aghalabu zina kobalti, na kobalti sisi wa Kasese tuliwahi kuitoa: kuanzia 1999 Kasese Cobalt Company iliifyonza kutoka marundo ya mabaki ya shaba ya Kilembe kwa kutumia bakteria. Ukiifikiria sana hiyo huku unapanga foleni kununua betri ya Kichina, hutalala.

Saa yangu sasa ni nzima, ila simu bado inanisumbua. Uganda iko saa tatu mbele ya saa ya dunia, Kongo ya mashariki saa mbili, na nikikaa upande wa baraza simu inanasa mnara wa Kasindi, ng'ambo ya mto, na kurudi nyuma saa nzima. Nimezima upangaji wa saa wa kujiendesha kwenye simu, na kwenye skrini ya kompyuta nimeweka saa mbili, moja ya Nairobi na nyingine ya Lubumbashi. Mteja wa Butembo akipiga kusema tuonane saa nne, namuuliza ya huku au ya huko, halafu natazama zote mbili kabla ya kuvaa viatu.