Mazoezi na Mazoea: Siha ya Ujanani na Maisha ya Baadaye

Neno 'mazoezi' lina uhusiano na kitenzi 'zoeza', ambacho ni kauli ya kusababisha ya 'zoea'. Nasaba hii, ambayo aghalabu huipita haraka katika somo la mofolojia, inazua swali la makala haya: je, kinachomfaa mtu afikapo miaka hamsini ni nguvu alizokuwa nazo akiwa na ishirini, au ni yale aliyoyazoea?

Tuutazame mtaa wa Landless, mjini Thika. Kijana wa huko akitembea hadi kazini au chuoni, mara nyingi huwa anaokoa nauli wala hafikirii siha yake. Wapo pia wanaokimbia wakijiandaa kwa usajili wa polisi au jeshi, ambako mbio ni mojawapo ya vipimo. Sisi humpima kijana ili tumchague au tumwache. Nchini Uswidi, ambako wavulana walilazimika kusajiliwa jeshini, karibu wote walipimwa wakiwa na miaka 18 hivi na rekodi zao zikahifadhiwa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2009 ulichunguza wanaume zaidi ya milioni moja waliozaliwa kati ya 1950 na 1976. Ilibainika kwamba wenye moyo na pumzi imara walifanya vyema zaidi katika majaribio ya akili na baadaye wakafika mbali zaidi kielimu. Nguvu za misuli hazikuonyesha uhusiano huo.

Hata hivyo, tusiharakishe kushangilia. Mwaka 2025, uchunguzi mwingine wa rekodi za Uswidi ulionyesha kwamba waliokuwa na siha bora ujanani walikufa kwa nadra zaidi hata katika ajali za kubahatisha. Mapafu mazuri hayamkingi mtu na gari lililopoteza mwelekeo! Yamkini basi sehemu ya tofauti hiyo inatokana na malezi, kipato na mazingira. Kwa mkazi wa Landless hoja hii ni nzito, kwani mbio pekee haziwezi kudaiwa kufidia lishe duni au karo iliyokosekana.

Kuhusu moyo, jibu limenyooka zaidi. Ralph Paffenbarger na wenzake waliwafuatilia karibu wanaume 17,000 waliosoma Chuo Kikuu cha Harvard, wakachapisha matokeo mwaka 1978. Waliokuwa wanamichezo chuoni kisha wakaacha mazoezi hawakubaki na kinga dhidi ya mshtuko wa moyo, ilhali waliojizoesha ukubwani waliipata.

Kwa hiyo anayestahili kuhofiwa ni mhitimu wetu aliyepata ajira ya kuketi ofisini, anayebebwa na bodaboda hadi mlangoni. Kutembea kwake kulikuwa kwa kulazimishwa na ufukara, na sasa hakuna kinachomlazimisha. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2020, linapendekeza angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Kiwango hicho hufikiwa kwa kutembea kwa kasi nusu saa, siku tano: akishuka matatu mapema kidogo asubuhi, na jioni afanye vivyo hivyo, ametimiza.